Baba Kaupenda Wimbo wa Nne

Jamani, leo baba kaisifu albamu yangu, na mimi natamani ardhi inimeze.

Mwajua ninavyochanganya: chakacha, taarabu, midundo mizito ya kompyuta. Baba hajawahi kuisikiliza. Leo baada ya chakula cha mchana kaniambia, "Haya, tuwekee hizo kelele zako."

Wimbo wa nne ulipoanza, akaongeza sauti.

"Mashallah! Mwanamke huyu anayeimba ni nani?"

Ni mama.

Nilimrekodi kwenye harusi ya binamu yangu hapa Kibokoni, upande wa wanawake. Simu zilikusanywa mlangoni. Yangu niliificha ndani ya buibui. Mama huimba mbele ya wanawake wenziwe tu. Sauti yake niliipunguza kasi, nikadhani hata mwenyewe hataijua.

Kaijua. Alikuwa akitumiminia chai, mkono ukamsimama.

"Simjui," akamjibu baba, bila kunitazama.

Miaka thelathini ya ndoa, baba hajapata kumsikia mkewe akiimba.

Albamu iko mtandaoni tangu Ijumaa. Kila mwanamume mwenye simu anaweza kumsikia. Niifute? Semeni nami.

Maana hapa sebuleni baba anaurudia wimbo mara ya tatu, na mama kajifungia jikoni.