Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta Iliyogoma

Niliandika neno la siri, nikabonyeza enta, kioo kikawa cheusi. Kompyuta haikuzima. Taa yake ndogo iliwaka, feni ilivuma, hata kishale cha kipanya kilikuwepo, nikikisogeza kinasogea, ila nyuma yake hapakuwa na kitu. Baada ya muda kikanirudisha palepale kwenye kisanduku cha neno la siri. Nikaandika tena, safari hii polepole, nikiitamka kila herufi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Giza. Nikajaribu tena, giza lilelile, na nikajua kwamba naogopa.

Mama alikuwa nyuma yangu sebuleni, amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha. Alikuwa ametoka kliniki Tumbi asubuhi, na kwa kawaida akitoka kliniki hupumzika kwangu Mkuza, hapa Kibaha, kabla ya kurudi kwake Mzenga. Sikugeuka kumtazama. Nilikohoa, nikagusagusa nyaya, nikajifanya kazi inaendelea.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti yake.

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo. Kabla ya upasuaji alielezwa wazi kwamba uvimbe utatoka na sauti itaondoka nao, hatasema tena. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akisimama shambani akamwita jirani wa ng'ambo ya bonde, na jirani akaitika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kitu kimoja tu: nimrekodi akitoa nasaha za harusi ya mdogo wangu wa mwisho, ambaye posa yake ilikuwa imeshapokelewa. Nikaenda Mzenga na simu yangu. Nikamweka kwenye kiti uani, nikafukuza kuku. Alikuwa amevaa gauni lake la Idi, nikamwambia mama, hii ni sauti tu, hakuna picha, akanijibu, "Kwani mie nasema na nguo za shamba?" Akajinyoosha, akaongea na simu kama msomaji wa taarifa ya habari. Nilirudi Kibaha, nikaihamishia rekodi kwenye kompyuta, nikaifuta kwenye simu kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Nakala nyingine nilisema nitatengeneza wikiendi. Wikiendi zikaja zikapita.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Kujaa kwa simu ndiyo hadithi ya ukoo wetu. Sijui familia nyingine wanafanyaje, kwetu mtu hafuti kitu. Video ya msiba, video ya maulidi, picha ya mtoto aliyeng'oka jino, picha ileile ya jino imetumwa na watu wanane, zote zinatunzwa. Simu ikikataa kupiga picha nyingine, mwenyewe anafunga safari kuja kwangu, maana mimi ndiye mwalimu na mimi ndiye mwenye kompyuta. Wanaita kupunguza simu. Anakuja na mfuko wa mihogo au korosho, anapewa chai, simu inachomekwa kwenye waya, na kila kilichomo kinahamia kwangu. Shangazi yangu wa Kisarawe ndiye bingwa. Alikuwa amekuja wiki ile ile, akaniambia, "Mwanangu, nipunguzie, lakini usinifutie hata kimoja." Nikamwambia haya shangazi. Kukataa sikuweza. Ukweli ni kwamba napenda kuitwa mtu ambaye kwake hakipotei kitu.

Kwa ajili ya simu na flashi zao kompyuta ilishawahi kuugua virusi mpaka ikawa haifunguki. Mwalimu mwenzangu mmoja ndiye aliyeiokoa, akaifuta yote na kuiwekea mfumo mwingine, Linux, akaniambia huku virusi havitakusumbua. Baadaye akahamishiwa Dodoma, na mimi nikabaki na mfumo ambao najua kuuwasha, kuandikia mitihani na kuuzima. Nikampigia.

Nilitoka hadi barazani ili mama asisikie. Alipokea simu akicheka, akaacha kucheka aliposikia sauti yangu.

"Dada, umeizima kwa nguvu?"

"Bado. Nilitaka kuchomoa waya."

"Usichomoe. Tafadhali. Inakurudisha kwenye neno la siri?"

"Inanirudisha. Kila nikiingia giza, halafu inanitoa."

"Basi yenyewe nzima. Inashindwa kukufungulia tu."

Nikamwuliza nilichompigia. "Vitu vyangu vimo?"

Nikakaa kwenye ngazi kungoja jibu.

"Nadhani vimo," akasema. "Lakini siwezi kukuapia."

Niliporudi ndani mama alikuwa amesimama karibu na meza. Akapiga makofi mawili mafupi. Ndivyo anavyoita siku hizi, na ndivyo anavyouliza pia. Mkono ukifunguka kuelekea kwako, maana yake ni nini kimekupata. Upindo wa khanga yake ulifunika tundu la shingoni analopumulia tangu upasuaji. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, kwamba mtandao unasumbua. Nikamtazama usoni, uongo ukanitoroka.

"Mama, kompyuta imegoma. Rekodi yako imo humo."

Alivuta kigoda akakaa pembeni yangu, akakunja mikono mapajani. Afadhali angelia au angenigombeza kwa ishara, ningejua pa kushika. Alikaa tu akakiangalia kioo cheusi, na ndani ya kioo tulionekana wawili, yeye na mimi, weusi pia.

Mwenzangu alinielekeza kwa simu niliyoiweka spika. Shika vitufe vya kontro na alti pamoja, halafu F3. Kioo kikafumba na kufumbua, yakatokea maandishi meupe juu ya weusi, bila picha, bila kipanya. Sijawahi kuogopa maandishi kama yale. Ikadai jina, nikaandika. Ikadai neno la siri, nikaandika, na hakuna kilichotokea. Hakuna nyota, hakuna nukta, hakuna herufi hata moja.

"Kibodi imekufa!" nikapiga kelele.

"Haijafa. Haikuonyeshi tu. Andika mpaka mwisho."

Nikaandika nisichokiona, nikabonyeza enta nimefumba macho. Nilipofumbua nilikuwa ndani. Akanipa amri ya kuonyesha nafasi, nikamsomea majibu. Mstari mmoja ulisema asilimia mia moja.

Akacheka tena, safari hii cheko la mtu aliyepumua. "Dada, diski imejaa pomoni. Ukiingia, inatafuta mahali padogo pa kuandika vitu vyake ikufungulie, inapakosa. Ndiyo giza hilo. Futa vitu, itafunguka."

Kompyuta yangu ilikuwa imejaa kama simu za watu wangu. Nilitaka kucheka na mimi, nikakuta sina cheko. Kwanza nilimwomba amri ya kutazama folda ya mama. Jina la rekodi likatokea, na ukubwa wake. Niligusa kioo pale kwenye jina. Lakini kuisikiliza nisingeweza, maana kwenye weusi ule hakuna sauti, kuna majina tu. Huenda ilikuwa nzima. Huenda lilikuwa jina lililobaki la kitu kilichooza. Mwenzangu alisema ni nzima, lakini yeye alikuwa Dodoma na mimi nilikuwa hapa.

"Sasa sikiliza vizuri," akasema. "Amri ya kufuta ni herufi mbili, r na m, na kwa folda nzima unaongeza kistari na r. Hapo hakuna kapu la taka. Ukifuta, kimekwenda. Haitakuuliza kama una uhakika. Ukikosea jina la folda, imekula kwako."

Basi kuanzia hapo kila nilichoandika nilikisoma mara kwa mara kabla ya kuigusa enta. Herufi moja ikiteleza hadi kwenye folda ya mama, ningemfuta yeye. Niliwaza Jumamosi, spika zimepangwa, watu wamekaa, na mimi nasimama kuwaeleza kwamba sauti ilikuwepo lakini diski ilijaa. Ningemwelezaje mdogo wangu? Aliponiuliza mwezi uliopita kama rekodi ipo salama nilimjibu kwa ukali, kwani mimi mtoto?

Ikatoka orodha ya folda na ukubwa wa kila moja. Ya shangazi ilikuwa kubwa. Kulikuwa na nyingine kubwa zaidi, nikairuka kwa macho haraka sana, na nitaeleza. Hasira yote ya mchana ule ikamwangukia shangazi. Nipunguzie, usinifutie hata kimoja! Mtu anashikilia simu juu tangu harusi inaanza mpaka masufuria yanaoshwa, halafu mzigo unakuja kwangu. Nikaandika r, nikaandika m, kistari na r nyingine, nikaandika njia yote hadi kwenye folda yake. Tangu mama anyamaze nimekuwa na tabia ya kusema kwa sauti kila ninachofanya akiwa karibu, kujaza ule ukimya.

"Nafuta video za shangazi, mama. Zile za harusi ya mdogo wangu wa kati. Zitatosha."

Kidole kilikuwa tayari juu ya enta. Mama akanikamata kifundo cha mkono.

Ana mikono ya jembe, iliniuma. Nikashtuka, nikadhani anaona nimekosea herufi, nikasoma tena, hapakuwa na kosa. "Mama, ni za shangazi. Ya kwako siigusi." Akatikisa kichwa. Akanikaza zaidi. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, ikatoka pumzi tu, chini ya khanga. "Dada, upo?" mwenzangu akauliza kwenye spika, nikamwambia subiri. Mama akaniachia. Akainua kiganja chake karibu na mdomo, akautoa ulimi, akauchezesha huku na huku haraka haraka, kichwa kikiinuka. Hakuna sauti iliyotoka. Akafanya tena, macho yakinitazama kwa hasira ya mtu asiyeeleweka.

Kigelegele.

Nilielewa. Kwetu bi harusi havuki kizingiti mpaka mama yake apige kigelegele cha kwanza. Hata kama gari linanguruma nje na upande wa bwana harusi umechoka kusubiri, anasimama mlangoni ndani ya ushungi wake na kungoja. Mama alipiga nilipotoka mimi. Alipiga alipotoka mdogo wangu wa kati, na shangazi alikuwa pale na simu yake juu. Mimi, mtunzaji mkuu wa ukoo, nilikuwa nimekwenda Mzenga na kumrekodi mama akisema kila kitu isipokuwa hicho, na sasa nilikuwa nakifuta kilipo.

Niliondoa herufi moja moja kwa kitufe cha kurudi nyuma. Niliogopa hata kitufe hicho.

Folda kubwa zaidi, ile niliyoiruka, ilikuwa yangu. Tamthilia. Za Kituruki, zilizotiwa Kiswahili, misimu na misimu, ambazo nimezikusanya na kuziita jina la somo la hisabati ili mume wangu asiniulize. Mama anazijua, alikuwa akiziangalia na mimi enzi za kuongea, akiwatukana mawifi wote waliomo. Sasa alinyoosha kidole, akakigonga juu ya jina lile la hisabati. Nikafuta. Nilipobonyeza enta nilishika pumzi, na mstari mpya ukatokea kimya, kana kwamba hakuna kilichoondoka duniani.

Tukawasha upya. Neno la siri, enta. Giza likaja, likakaa, nikasema mama yangu wee, halafu ikatokea picha ya wanangu kwenye kioo na folda zote pembeni.

Niliifungua rekodi kwanza. Sauti yake ikatoka nzima, na kuku mmoja nyuma. Mimi nililia. Mama alisikiliza kidogo jinsi anavyomhimiza binti yake kuvumilia na kuheshimu wakwe, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Alitaka ile nyingine. Tuliitafuta kwenye video za shangazi mpaka tukaupata ule mlango, lile kundi la wanawake, na katikati yake kigelegele kirefu, chembamba, kinachopanda juu ya vingine vyote. Akataka tena. Akataka tena. Jua lilikuwa linashuka, na mimi niliendelea kurudisha, huku nikinakili kwenye kila flashi iliyokuwa ndani ya nyumba.

Jumamosi, Mzenga, nasaha zilichezwa na watu walisikiliza kwa adabu. Kisha ikafika saa ya kutoka. Mdogo wangu alikuwa ameshaambiwa na mashangazi wote kwamba hali ya mama inajulikana, asingoje, atoke tu. Hakutoka. Alisimama nyuma ya kizingiti, ushungi umemfunika. Mama akanitazama. Niliinua simu niliyokuwa nimeihamishia kigelegele na kuiunganisha na spika, kioo chake kilikuwa cheusi, nikautafuta mwanga kwa kidole. Kikawaka. Nikabonyeza.

Mama aliinua kiganja mdomoni, akauchezesha ulimi, na kigelegele chake kikatoka kwenye spika. Wanawake wakapokea. Mdogo wangu akavuka.