Udongo Lazima Ulale

Sisi tuliokulia kwenye tembe tunajuana hata tukikutana kwenye ofisi za serikali zenye viyoyozi kule Mtumba, Dodoma. Ukimwona mtu mzima anainamisha kichwa anapopita mlangoni, na mlango wenyewe ungemtosha twiga, ujue huyo ni mwenzetu, alijigonga sana utotoni. Nyumba zetu zilikuwa fupi. Paa lilikuwa bapa, la miti, nyasi na udongo, na mvua kubwa ikinyesha tulihamisha masufuria huku na huku kukinga maji. Lakini ndani palipendeza, na uzuri wenyewe tuliutengeneza kwa mikono yetu.

Kila mwaka baada ya mavuno mama alisiriba kuta upya. Kazi yetu watoto ilikuwa kuchota udongo korongoni: mwekundu wa ukuta na mweupe wa mkanda. Mkanda ndio uliokuwa fahari ya nyumba. Ni mstari mweupe, upana wa kiganja, unaozunguka chumba kizima pale ukuta unapokutana na paa. Udongo wake ulikuwa na masharti. Unaupondaponda, unauchekecha, unauchanganya na maji, kisha unaufunika kwa gunia bichi mpaka kesho yake. "Udongo lazima ulale," mama alikuwa akisema. "Usiolala unapasuka." Sisi tuliamini kwamba umelala kweli, tukawa tunaupitia kwa kunyata na kunyamazishana.

Tukitoka shule magoti yalikuwa meupe kwa vumbi. Nyumbani tulikuta ugali wa uwele na mlenda unaovutika kutoka bakulini hadi kidevuni, tukala upesi ili tuwahi mchezo wa rede, wa kukwepa mpira, kabla giza halijaingia. Siku hizi mtoto wa mjini ukimwekea mlenda anakuuliza kama umeharibika. Sisi tuligombania kuramba bakuli, na aliyeshinda ndiye aliyepewa kuliosha, kwa hiyo sijui hata tulikuwa tunashindania nini.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, wageni wa posa walikuwa wanakuja kwa dada yangu Yudith. Mama alikuwa na togwa ya kuandaa na viti vya kuazima kwa majirani, akaniachia mimi mkanda wa chumba cha wageni. Sikuwahi kupewa heshima kama ile. Nikaanza na ukuta unaotazamana na mlango, ili mgeni akiingia tu aone kazi yangu, na nikaupaka udongo mnene kama siagi ya bure. Ukuta wa pili ukapata wastani. Wa tatu nikaanza kukwangua chungu. Nilipokaribia kona ya mwisho udongo ulikuwa umekwisha, korongo liko mbali, na hata kama ningekwenda, udongo mpya ungetaka kulala na wageni walikuwa njiani.

Nikakimbilia jikoni nikazoa majivu, nikayakoroga na maji, nikamalizia. Yakakauka rangi ya kijivu, yakachuruzika ukutani kama makamasi ya mtoto. Nikakaa chini nikalia kwa sababu niliona wazi kwamba posa imevunjika na dada yangu atazeekea nyumbani kwa kosa langu.

Mama aliingia, akatazama. Akaenda jikoni akarudi na ungo wake, akachomeka kijiti kwenye ile kona, akautundika. Wageni walipokaa, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye shingo ndefu na macho ya kukagua, akauliza kwa nini ungo uko chumbani na si jikoni. Mama akamjibu, "Hapo ndipo pake, baba." Mzee akarudi kwenye togwa yake, na mazungumzo ya ng'ombe yakaendelea. Dada Yudith aliolewa.

Baada ya hapo mama akitaka kupepeta uwele aliunyanyulia ungo mkono, akaushusha, na akimaliza aliurudisha palepale. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshajifunza na nikaipaka ile kona vizuri kabisa, lakini ungo ulirudi. Nikamuuliza kwa nini, na kona imeshapona. Akasema, "Nikiuona pale najua niko kwangu."

Maneno yale nimeyakumbuka sana mwaka huu. Tangu baba afariki mama anaishi peke yake kwenye tembe lile lile upande wa bwawa la Mtera, na msimu uliopita kipande cha paa kilianguka, bahati nzuri yeye akiwa nje. Mara tatu nimemwomba ahamie kwangu Dodoma mjini. Mara tatu amekuja na mfuko mmoja, akalala siku mbili, akasema kuku wanamsubiri, akaondoka. Safari hii niliogopa kweli. Mvua zilikuwa zinakaribia, na paa lililobaki lilikuwa la kuombewa tu.

Nikaamua kumwandalia chumba chake mwenyewe, na chumba hicho kiwe na mkanda. Siku hizi mikanda ni ya jipsamu, imeshachongwa maua kiwandani, unaikata pembe na kuigandisha kati ya ukuta na dari. Mafundi wamejaa mjini, lakini nilitaka iwe kazi ya mkono wangu. Binti yangu Nyemo, aliyemaliza chuo pale Chimwaga na bado anatafuta kazi, akasema, "Mama, mbona hiyo ndogo, nimeshaangalia video." Baadaye ndipo nilipogundua kwamba aliiangalia ikiwa imeongezwa kasi, na fundi wa kwenye video anazungumza Kituruki.

Tukagawana kazi. Nyemo ashike msumeno, mimi nishughulikie mchanganyiko, kwani mimi ndiye mwenye uzoefu. Yeye alikata pembe ya kwanza ikaelekea nje badala ya ndani. Akaugeuza mkanda, akakata upande wa pili, nayo ikaelekea nje. Wakati huo mimi nilikuwa nimemwaga mfuko mzima wa unga wa jipsamu wa kugandishia kwenye beseni, nimeukoroga ukalainika vizuri, nikaufunika kwa kanga iliyoloa na kwenda kunywa chai.

"Mama, mbona umeifunika?" Nyemo akaniuliza.

"Inalala."

"Inalala?"

Kikombe hakijafika nusu, jipsamu ilikuwa imekuwa jiwe. Beseni lilikuwa jiwe, na pindo la kanga yangu limeshikwa humo ndani mpaka leo. Nyemo alicheka mpaka akakaa chini kwenye unga wa mikanda. Nikamwambia asicheke, udongo wa kistaarabu ungesubiri. Tukanunua mfuko mwingine, tukawa tunachanganya kikombe kimoja kimoja na kukimbizana nao kama tunazima moto. Kona ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali, na ya tatu ilinifanya niite jirani aje aone.

Kona ya nne mkanda ukapungua vidole vinne, kwa sababu ya zile pembe zilizokatwa vibaya. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, na mdogo wangu Lazaro alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko njiani na mama. Tukakusanya vipande, tukavishindilia, tukapaka mabaki ya jipsamu. Pakatokea nundu, na chini ya nundu ufa. Nikiwa juu ya kiti na mikono myeupe hadi kwenye viwiko, nikajiona tena nina miaka kumi, ila safari hii kilichokuwa hatarini ni mama mwenyewe.

Alifika na mfuko mmoja. Ulinuka samaki wakavu wa bwawani. Nikamwamkia, Nyemo akamwamkia, akaitikia salamu zote mbili kwa raha. "Nimekuja kuwaona tu," akasema. "Jumatano narudi."

Tukampeleka chumbani. Akakaa kitandani, akabonyeza godoro, akainua macho. Akaufuata mkanda taratibu, ukuta hadi ukuta, mpaka akafika kwenye ile kona.

"Nani kafanya pale?"

Nyemo akaninyooshea kidole bila aibu, kisha akamsimulia bibi yake habari zote za beseni na kanga. Mama alicheka sana, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Ukailaza," akasema. "Mwanangu, ukailaza." Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule mfuko wake mmoja.

Akaitazama tena kona. Lazaro alikuwa mlangoni anatikisa funguo za gari, anataka kuondoka.

"Lazaro," mama akasema, "wale kuku wagawie majirani. Na ukija tena niletee ungo wangu."

Sasa ungo uko pale juu, umefunika nundu na ufa, na maua ya jipsamu yanatokeza pembeni. Rafiki zake Nyemo hudhani ni pambo, wanaupiga picha. Mkanda huu hautatuita tena korongoni kila mwaka, na watoto wa siku hizi hawatajua kunyata mbele ya udongo uliolala. Hilo linaniuma, nisiseme uongo. Enzi zile paa lilikuwa karibu na mkono, mama aliushusha ungo mwenyewe bila kuita mtu. Leo dari iko juu sana kwake, na mchele wetu wa dukani hauna hata pumba moja. Lakini kila asubuhi anamwita Nyemo apande kiti amshushie ungo, anapepeta mchele huohuo, na akimaliza anamwambia aurudishe palepale.