Printa Moja kwa Mashine za Pacha

Jina la Waya alipewa kazini, likamfuata hadi nyumbani, na siku alipostaafu likakataa kustaafu naye. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa laini za simu: kupanda nguzo, kuunga nyaya, kukaa kwenye chumba cha mitambo akisikiliza kama laini ya mtu bado inapumua. Watu walipohamia simu za mkononi na nguzo zikabaki za kutuliwa na ndege, shirika lilimuaga kwa saa ya ukutani na maneno matamu. Saa akaitundika sebuleni. Maneno yalimwishia njiani.

Nyumbani alikuta kazi ina mwenyewe. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa ajili ya binti na kijana wao waliozaliwa siku moja na kubishana tangu siku hiyo, alikuwa amekigeuza chumba cha mbele kuwa duka la kuchapa. Chumba chenyewe kilinukia karatasi ya moto. Kaunta ilikuwa na kioo, na chini ya kioo kadi za mfano zilizofifia kwa jua. Stepla ilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa kaunta, maana wateja walikuwa wakiondoka nayo bila nia mbaya.

Katika wiki za mwanzo Waya alijaribu kusaidia. Mkewe alipokwenda sokoni, alipanga rafu ya karatasi kwa uzito, kama walivyokuwa wakipanga stoo ya shirika, vizito chini na vyepesi juu. Mama Pacha alitafuta majalada ya kadi asubuhi nzima. Hakugomba. Alimmiminia mumewe chai, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba amewatumikia watu maisha yake yote, na kupumzika nako ni kazi. Waya alielewa kwamba amefukuzwa kazi mahali ambapo hakuwa hata ameajiriwa.

Basi akawa anakaa uani na redio yake. Kupitia ukutani aliisikia printa ikiguguna, na vicheko vya mkewe na wateja, kama mtu anayesikia karamu ya jirani aliyosahauliwa kualikwa. Alichotaka ni kidogo tu: kuwa mmoja wa watu wa duka lile. Hakutaka ubosi, na ugeni alikuwa amechoka nao. Alitaka kuwa mtu ambaye asipokuwepo, kazi inamuulizia.

Duka lilikuwa na kompyuta tatu na printa moja, na hapo ndipo palipokuwa na kisa. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Pacha mwenyewe, yenye Windows, na printa ilifungwa kwenye hiyo peke yake. Ya pili alitumiwa na binti yake anayefanya kazi mbali. Alipopata mpya, ile ya zamani, Mac, akaona imfae mama. Kijana aliposikia kwamba dada yake ametuma, hakulala vizuri mpaka naye akatuma ya kwake, laptop yenye Linux. Sasa Mama Pacha alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja tangu wanawe wakiwa kifuani: alichopewa huyu, na yule apewe, huyu akinyonya kulia, yule anyonye kushoto. Siku moja alipita fundi wa kompyuta, akashauri mashine zote zifutwe na kuwekwa mfumo mmoja ili kazi iwe rahisi. Mama Pacha alimtazama, akamuuliza kama ana watoto. Fundi akasema bado. "Ndiyo maana," akajibiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo mashine zilibaki kama zilivyotumwa, na kila mtu dukani alibeba mzigo wake. Binti wa dada yake Mama Pacha, aliyekaa kwenye Mac akibuni kadi, alivaa flashi shingoni kama njuga. Kila alipotaka kutoa karatasi alisimama nyuma ya kiti cha Mama Pacha, akakohoa kidogo, na kusema, "Mama mdogo, nipishe." Mama mdogo aliinuka katikati ya sentensi. Alipoketi tena, mteja aliyekuwa akichapa mwenyewe kwenye ile laptop ya Linux, iliyowekwa dirishani, naye alikuja na flashi yake. Kuna siku Mama Pacha aliinuka na kuketi mpaka mteja mmoja akamuuliza kama yuko kwenye ibada.

Ndipo akaja mwalimu wa mitihani wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, mama mmoja asiyecheka ovyo. Alitaka duka lichape mitihani ya madarasa yote, na likifanya vizuri, kazi hiyo iwe yao kila muhula. Mama Pacha alitamani kusema ndiyo, lakini aliona jinsi watakavyopishana kwenye kiti kimoja. Akaomba ajibu kesho. Waya alisikia yote kupitia dirisha la uani. Alizima redio, akaingia dukani kwa mlango wa ndani, akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Mama Pacha, nipe hiyo kazi."

"Ya mitihani? Utachapa kwa vidole gani, Baba Pacha?"

"Si kuchapa. Kuunganisha. Mashine zote zizungumze na printa bila mtu kuinuka."

Mkewe akaegemea kiti. "Mashine za watoto hazibadilishwi."

"Sijasema zibadilishwe."

"Na rafu yangu ya karatasi huigusi."

"Rafu nimeshasahau hata ilipo."

Msichana wa Mac alikiinamisha kichwa kwenye kibodi ili asionekane akicheka. Mama Pacha alifikiri, akakubali kwa sharti: mwalimu ataambiwa ndiyo, lakini duka likisimama hata kidogo kwa sababu ya nyaya, flashi irudi shingoni na Baba Pacha arudi kwenye redio yake, na neno hilo lisizungumzwe tena nyumba ile.

Chini ya meza ya kupigia pasi kulikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na skrini, iliyokuwa ikiwekewa nguo zinazosubiri pasi. Waya aliipangusa vumbi, akaipeleka dukani, na kumweleza mkewe mpango kwa lugha aliyoijua. Zamani, alisema, hukumpigia mtu simu moja kwa moja. Ulimpigia opereta, naye alikuunganisha. Opereta hakujali wewe ni kabila gani, ali mradi alikuelewa. Na wakipiga wengi kwa pamoja, aliwapanga foleni. Kompyuta hii itakuwa opereta. Watu wa mashine huiita seva. Printa itafungwa kwake, na Windows na Mac na Linux zote zitamwambia yeye zinachotaka.

"Na ni mpole?" Mama Pacha aliuliza.

"Kuliko wale wa zamani."

Namna ya kuifanya alihitaji kuelekezwa, na hakuona haya kuuliza. Aliwapigia wanawe wote wawili kwa pamoja, akaiweka simu juu ya printa ili isikike chumba kizima. Hilo lilikuwa kosa, lakini lilikuwa kosa tamu. Kijana alimwelekeza kuweka Linux kwenye seva na programu ya kugawa printa. Binti alidakia kwamba kaka yake anampeleka baba njia ya msituni. Kijana akasema anayejua njia ya lami peke yake asiongee mbele ya madereva. Wateja wakaacha kuandika. Bibi mmoja aliyeleta cheti kutolewa nakala aliketi, akasema haondoki mpaka ajue mshindi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo pacha walikubaliana, na hilo baba yao alilikataa. Walimwambia mashine zinaweza kuitafuta seva kwa jina lake. Waya akasema majina hufanana, mtu akiita jina sokoni hugeuka wengi. Namba ndiyo haina ndugu. Akazielekeza kompyuta zote tatu kwenye namba ambayo seva ilikuwa imepewa siku ile na ruta, kisanduku kinachounganisha mashine zote za duka. Wanawe wakaguna kwa sauti moja, kisha wakamwachia. Baba akishaing'ang'ania namba, walijua, hata mama yao hamtoi.

Jioni ile ilikuwa ya kujaribu. Msichana wa Mac alituma ua jekundu. Likatoka, jekundu kweli. Kutoka laptop ya dirishani ikatoka barua ya maombi ya kazi ya kijana mmoja, safi bila kukunjamana. Mama Pacha alichapa mstari mmoja, akabonyeza bila kuinuka, na karatasi ikateleza hadi mikononi mwa mumewe. Ilikuwa imeandikwa: Baba Pacha, chai iko mezani. Waya aliisoma kama mtu anayesoma hati ya uteuzi. Kabla ya kwenda kuinywa hiyo chai alizunguka chumba na kuchomoa plagi zote, moja baada ya nyingine, ruta, seva, printa na kompyuta, kama alivyofanya kila jioni ya maisha yake ya kazi. Aliwahi kuona radi ikiingia mtamboni kwa plagi moja iliyosahauliwa, na tangu hapo hakuamini ukuta wowote wenye umeme.

Asubuhi, printa haikuitika. Kila kompyuta ilisema haiioni. Waya aliangalia nyaya, akachomoa plagi zote na kuzichomeka tena kuanzia ruta na seva, kazi ikaendelea. Siku iliyofuata yote yalikwenda vizuri, akapumua. Ya baada yake ikagoma tena. Msichana wa Mac akasema printa hii ina wivu, inataka ibembelezwe kabla ya chai. Wateja walianza kuingia wakiuliza, badala ya salamu, kama mgonjwa ameamkaje. Waya alicheka nao, lakini ndani alikuwa akiisikia redio ya uani ikimwita. Mkewe alitafuta tu ile flashi kwenye droo, akaiweka juu ya kaunta mahali inapoonekana. Mitihani ilikuwa ianze kuchapwa kesho yake.

Asubuhi hiyo ya kesho Waya aliamua asiguse kitu. Alichomeka plagi zote kama kawaida, akaigeuza ndoo, akaikalia pembeni na kutazama tu watu wanavyoingia kazini. Msichana wa Mac alichelewa. Mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri mlangoni, basi Mama Pacha akamwashia laptop ya dirishani kwanza. Kisha akawasha yake. Kisha, kwa kukumbuka, akaiwasha seva. Msichana akaingia mwisho, akihema na kuomba radhi. Na printa ikagoma.

Waya aliinuka kwenye ndoo. Alimwomba mwanafunzi nafasi kidogo, akafungua ukurasa wa ruta unaoonyesha nani ana namba gani. Akatazama, akatazama tena, kisha akaanza kucheka peke yake hadi mkewe akaacha kuchapa.

"Kuna nini, Baba Pacha?"

"Ruta inagawa namba kama kliniki. Anayetangulia kuamka ndiye wa kwanza. Siku tulipojaribu seva ilikuwa ya mbele, leo iko nyuma, na ile namba yake ya siku ile amepewa mwanafunzi. Mashine zetu zinampelekea mwanafunzi mitihani."

Mwanafunzi aliondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba kimemuunguza.

"Mbona nyumba za watu wengine haziugui hivi?" mkewe aliuliza.

Hapo Waya alikuna kichwa. Nyumba za watu wengine, alieleza, ruta hailali. Ikikaa macho inakumbuka nani alipewa nini. Hii ya kwao inachomolewa kila jioni, na ikiamka imesahau yote. Aliyekuwa akiichomoa hakuhitaji kutajwa.

Mama Pacha aliukunja uso kwa muda, kisha ukamfunguka wenyewe. "Kumbe tumemweka mlinzi mlangoni, naye ndiye mwizi."

Msichana wa Mac alilazimika kwenda nje kucheka. Waya naye alicheka, akijifuta macho kwa kona ya shati. Miaka yote ile ya nguzo, alisema, hajawahi kumbadilishia mtu namba ya simu eti kwa sababu amechelewa kuamka. Aliipa seva namba ya kudumu, mbali kabisa na zile zinazogawiwa foleni, akazielekeza kompyuta zote huko. Kisha akazizima zote na kuwaomba waziwashe ovyo wapendavyo, huyu kabla ya yule, yule kabla ya huyu, wakabadilishana tena. Bibi wa cheti, ambaye alikuwa amerudi kuulizia mshindi, akapewa heshima ya kuwasha seva mwisho kabisa. Kila mara printa iliitika.

Mitihani ikachapwa. Hesabu zilitoka Windows, Jiografia na ramani zake zikatoka Mac, na insha zikatoka laptop ya dirishani, ambako Mama Pacha alimkalisha mumewe azisome kama zina makosa. Seva ilizipokea zote na kuzipanga, hakuna aliyeinuka isipokuwa kuongeza karatasi. Mwalimu wa mitihani alipokuja alipekua bahasha moja baada ya nyingine, akatafuta kosa kwa bidii ya kweli, akalikosa. Hakucheka, lakini alisema muhula ujao ataleta na mitihani ya majaribio.

Plagi Waya aliendelea kuzichomoa kila jioni. Mkewe hakumkataza. Alisema mtu akishajua kwake, hata akitembea usiku kucha atarudi, na namba nayo ni hivyohivyo.

Asubuhi moja, baada ya mvua ndefu, Waya alipitiwa na usingizi. Alikuwa bado kitandani, blanketi hadi masikioni, mlango uliposukumwa bila hodi.

"Baba Pacha, unadhani leo ni sikukuu? Wateja wamejaa mpaka barazani, plagi zote chini, mimi sijui ipi inaingia wapi. Hapa si kwa kaka yako. Kazi ina saa zake, na atakayeona hawezi aseme tumtafute mwingine."

Aligombezwa kutoka kitandani hadi bafuni, na kutoka bafuni hadi mlango wa duka, kama mfanyakazi yeyote aliyechelewa. Aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Shati alilivaa kinyume, na wateja waliompisha njia walishangaa kumwona mzee anayekaripiwa hivyo akitabasamu mpaka kwenye magego.