Matela ya Godelive Iliyoshinda Chumba

Asubui ya mwisho ilikuwa sawa asubui zote. Godelive aliamuka wa kwanza, akamugusa Vital mbavu na kiko ya mukono, akasema, "Muzee, toka njiani. Gari kubwa iko nyuma."

Kutoka ndani ya ile chumba ilikuwa kazi. Matela, godoro yao, ilishika ukuta ya kuume, ikashika ukuta ya kushoto, na kwa kichwa ikashika ukuta ya tatu. Njia ilibaki moja tu, kule kwa miguu, penye mulango. Mutu alipaswa kuteleza na matako polepole mupaka kukanyaga chini. Vital, mutu murefu, wa watu wa ngombe, alitoka miguu mbele. Kila siku Godelive alimuambia kwamba anazaliwa vibaya sawa ndama. Yeye mwenyewe alizaliwa pembeni ya ziwa, kule Mahagi, na alikuwa na kilo mingi. Alimusukuma bwana yake kwa nyuma na mikono mbili, sawa mutu anayesukuma pirogue, mutumbwi, toka muchanga kuingia maji.

"Polepole," Vital alisema.

"Pirogue haiongeake," Godelive alijibu.

Wakakunywa chai wakiketi kwa miguu ya matela, magoti ikigusa mulango, kwa sababu chumba haikukuwa na nafasi ya kiti. Kisha akabeba bassin yake ya samaki, akasema Vital afunge tundu ya kuku, akaenda soko.

Mbele ya saa sita watu wakakuja mbio kumuita Vital. Godelive alikuwa ameketi nyuma ya samaki yake, wakazani anasinzia. Dokta alisema ni moyo.

Kifo kila mutu anaijua. Matela, hapana. Basi tuseme ya matela.

Mbele yake kulikuwa ingine, ya plasi moja na nusu, maana nafasi ya mutu moja na nusu, ile walipewa siku ya ndoa. Plasi moja ilikuwa ya Godelive. Nusu ilikuwa ya Vital. Na miaka ilivyopita, mousse, ile sifongo ya ndani, ikachoka katikati, ikafanya bonde, wote wawili wakawa wanaanguka mule.

"Tunalala ndani ya muto Shari," Godelive alisema. "Siku moja itajaa, watatuokota mbali."

Tena ilikuwa fupi. Miguu ya Vital ilitoka inje mupaka kwa vifundo. Kuku yao moja, iliyolala ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, ilikuwa inazani ukucha ya kidole kikubwa ni punje ya muhindi. Kila alfajiri iliidonoa. Vital hakuwa na saa. Hakuikosa.

Zamu ya Godelive ilipofika kwa likelemba, pale wamama wa soko wanachanganya feza na kumupa mumoja, akatangaza kwamba wananunua matela. Vital akauliza ya namna gani. Akauliza pia kama si vizuri kupima chumba kwanza.

"Chumba inaumwaka mugongo?" Godelive akasema.

"Hapana."

"Basi kwa nini tupime chumba? Tutapima wenye mugongo."

Akamulaza Vital inje, kwenye kiwanja, mikono wazi vile alilalaka, akaanza kuchora kando yake na jembe, toka kichwa mupaka miguu. Blanchard, jirani wao, akapita kwa njia. Akaona muzee chini, na mama anachimba pembeni. Akatoa kofia kwa kichwa, akaweka kwa kifua.

"Bado," Godelive akamuambia. "Anapimwa tu."

Lakini kwa kumufurahisha bwana yake, akapima chumba pia. Mètre ya kupimia haikukuwa nyumbani. Akatosha kitanda ya zamani inje, akachukua kikwembe yake moja, nguo ya kujifunga, akainyoosha toka ukuta huu mupaka ule, kwa urefu wa kifua, kwa sababu kuinama hakupendaka. Penye ilikuta ule ukuta akafunga fundo.

Wakaenda kwa Nathanaël, anayeuzisha matela kwenye boulevard. Matela zilipangwa mbele ya duka, moja juu ya ingine, mupaka juu. Godelive akamuambia azishushe, azilaze pale barazani.

"Mama, watu wanalalaka nyumbani," Nathanaël akasema. "Hapa wanaangalia tu."

"Baba, viatu unajaribu mbele ya kununua?"

"Ndiyo."

"Na viatu unalala nayo?"

Nathanaël akashusha. Godelive akatandika kikwembe ingine juu, ili asichafue kitu ya mutu. Vital akavua viatu, akaipanga vizuri, akalala na kofia juu ya uso, ili watu wasimujue. Godelive akalala pembeni.

Wamotard, wale wanabebaka watu kwa pikipiki, waliokuwa wanangoja watu wakazima moto zao, wakakaribia. Kazi haikukuwa mingi ile siku.

Kwa plasi moja, Godelive alilala na Vital akajikuta kwa saruji. Kwa plasi moja na nusu, mukono na muguu wa Vital ilibaki inje.

"Muzee ameingia kiwanja ya jirani," motard moja akasema. "Watamuitisha kwa chef wa mutaa."

"Vital, geuka vile unageukaka," Godelive akasema.

"Godelive. Watu."

"Watu pia wanageukaka. Weka muguu vile unawekaka."

"Wapi?"

"Juu yangu. Unauliza sawa mugeni."

Akaiweka. Wamotard wakapiga mikono. Chini ya kofia, Vital alikuwa anaomba mvua inyeshe.

Nathanaël, kwa huruma ya muzee, akasema, "Mama, sikia. Miye niko kwa hii kazi siku mingi. Wazee hawageukake sana, na vyumba vya kule kwenu Shari ni vidogo. Plasi moja na nusu inawatosha."

Godelive akaketi, akafunga kitambaa yake ya kichwa muzuri, akamujibu neno moja. Wamotard wakacheka mupaka mumoja akakosa kuona mutu wake wa kubeba. Nathanaël mwenyewe akaenda kuchukua ile ya plasi mbili, kubwa kupita zote, ya nyuma kabisa. Akapima fundo ya kikwembe na mètre yake.

"Inaingia," akasema. "Hata nafasi ya mukono itabaki."

Sasa, kosa ilikuwa wapi? Kosa ilikuwa kwa Noeli.

Kule ziwani kwao Godelive, wamama wanapakala nyumba kila Noeli na udongo mweupe uliochanganywa na majivu, ili Mutoto Yesu asikute ukuta wenye mapasuko. Godelive hakuacha hiyo desturi alipoolewa Bunia. Kila Noeli alipakala, ndani na inje. Lakini hakukuwa murefu, na ngazi alichukia. Alipakala akiketi chini, penye mukono ilifika bila taabu: kwa magoti na chini yake. Noeli juu ya Noeli, ukuta ukanenepa chini. Juu chumba ilikuwa chumba. Chini ilikuwa imevaa sketi mingi. Na Godelive alikuwa amepima kwa kifua.

Matela ikafika juu ya pikipiki, imekunjwa na kufungwa kamba, motard haonekane, masikio tu. Kitanda ya zamani wakaiacha inje, ilikuwa ndogo. Wakalaza matela chini, juu ya majani makavu na mukeka. Vital akakata kamba.

Ilifunguka kwa nguvu sawa kitu ilikuwa imekasirika. Ikagonga ukuta huu, ikagonga ule, ikakosa nafasi. Pembe zote mbili zikainuka juu. Katikati ikabaki chini.

Wakaiangalia.

"Ni pirogue," Vital akasema.

"Ni nzuri," Godelive akasema. "Nimekulia ndani yake."

Asubui ya kwanza waliamuka wote wawili katikati, shavu kwa shavu, sawa tu vile mbele. Kuume nafasi ilikuwa tupu. Kushoto nafasi ilikuwa tupu. Vital akasema wairudishe kwa Nathanaël. Godelive akasema matela iliyolaliwa ni sawa yai iliyopasuka, hairudi. Vital akachukua panga, akwangue ukuta kidogo chini.

"Weka panga," Godelive akasema. "Ile ni Noeli zangu zote. Unataka kukwangua Noeli?"

Akaweka panga.

Noeli iliyofuata, matela ilikataa kutoka ili ukuta upakalwe. Godelive hakupoteza wakati. Akapanda juu yake na kikombe ya udongo, akapakala mupaka kwenye mousse, akazunguka pande zote tatu, akalainisha na kidole. Ilipokauka, udongo ulikuwa umeuma matela. Toka ile siku haikukuwa tena kitu ya nyumba. Ilikuwa nyumba.

Sasa turudi kwa matanga.

Watu walijaa kiwanja. Clarisse, mutoto wao mwanamuke, alishuka toka Kpandroma na magunia ya viazi, akashika sufuria. Vital alilala chini kwa mukeka pamoja na wanaume. Hakulia sana. Watu walimuletea chai, akasema "aksanti". Walimuletea kiti, akasema "aksanti".

Na Josaphat, kaka mukubwa wa Godelive, alifika toka Mahagi juu ya camion ya magunia. Alikuwa na mwili wa dada yake na sauti kubwa kupita. Alilia muzuri, watu wote wakakubali. Siku ya kumaliza matanga, akaketi mbele ya Vital.

"Shemeji," akasema, "kwetu dada akienda, ile kitu alilalia inarudi nyumbani kwao. Sitaki ngombe. Sitaki vikwembe, achia Clarisse. Matela tu."

Wangemuomba mabati, angepanda mwenyewe kuyatosha. Lakini ile matela ilikuwa na harufu ya Godelive, moshi na samaki na mafuta ya kichwa, na ilikuwa na umbo lake. Alikuwa anangoja watu waende, arudi kulala mule. Hakuwa na mupango mwingine wa maisha. Lakini mutu wa kwao hamukataliake shemeji, na ndani ya matanga zaidi.

"Iko ndani," akasema.

Josaphat akaita wanaume, na Blanchard kati yao. Wakashika matela kwa miguu, wakavuta. Nyumba ikalia. Udongo ukaanguka kwa kichwa ya Blanchard, akawa mweupe sawa mutu wa ubatizo. Matela haikusogea. Wakavuta tena. Bati moja ikajibu kule juu.

"Nani aliijenga humu?" Josaphat akauliza.

"Dada yako," Vital akasema.

Josaphat akapanda juu ili asukume toka kichwa. Alipofika katikati, akateleza, akaanguka na mugongo, zile pembe zikamufunika huku na huku.

"Mujomba Josaphat," Clarisse akauliza toka mulangoni, "umeumia?"

"Hapana."

"Basi toka."

"Nangoja kidogo. Niko muzuri."

Alikuwa amesafiri juu ya magunia toka Mahagi, na kulala kwa mukeka toka afike. Kisha wakasikia anakoroma. Wanaume wakaenda kukunywa chai.

Alipoamuka, alitoka matako mbele, sura imekunjamana, na sasa aliitaka matela kupita vile alitaka asubui. Akafikiri, akapata.

"Haitoke nzima," akasema. "Tukate. Plasi mbili ni plasi mbili. Moja ya shemeji, moja ya dada. Nitarudia na ile ya dada. Ni haki?"

Wazee waliokuwa pale wakasema ni haki. Josaphat akaomba kisu. Clarisse akamuletea ile ya jikoni, ndefu, akaishika kwanza bila kuitoa.

"Utakata upande gani?" akauliza.

"Upande wa mama yako."

"Upande wa mama ni upi?"

Josaphat akamuangalia Vital. Watu wote wakamuangalia Vital. Vital akaangalia matela. Akaangalia kuume, pale mousse ilikuwa mupya sawa siku ya duka. Akaangalia kushoto, mupya vilevile.

"Katikati," akasema.

"Na weye?" Josaphat akauliza.

"Katikati."

Josaphat akaingiza kichwa, akaangalia. Alipapasa na mukono. Bonde ilikuwa moja. Ilikuwa pana sawa dada yake na ndefu sawa shemeji yake, na hakuna mahali kisu ingepita bila kukata wote wawili. Alipotoa kichwa, macho yake ilikuwa na maji, na kinywa ilikuwa inacheka, haikujulikana gani ilianza.

Akamurudishia Clarisse kisu. "Kata vitunguu," akasema. "Matela inabaki."

Kisha akamugeukia Vital. "Lakini shemeji, niambie. Plasi yote hii, na munalala kwa moja. Duka haikukuwa na ya kadogo?"

"Ilikuwa," Vital akasema. "Nathanaël alisema plasi moja na nusu inatutosha."

"Na dada alijibu nini?"

Wamama wakaacha sufuria, wakakaribia. Tangu maziko Vital hakuwa amesema maneno mingi vile. Akatoa kofia, akaiweka juu ya goti, na akarudisha neno ya Godelive vile alilisema pale barazani, mbele ya wamotard, akifunga kitambaa yake:

"Padri alisema tutakuwa mwili moja. Hakusema mwili kadogo."