Boti Niliyoiziba kwa Mavi ya Ng'ombe

Hadi leo nikinusa zizi, moyo unaniuma. Ng'ombe wa mahari niliotengewa nimwoe Kabula niliwabadilisha na boti kuukuu ya mzungu mmoja, aliyeniapia kwamba inakimbia kuliko risasi. Ilikuwa na nyufa za kupitisha mbuzi! Nikaziziba kwa mavi ya ng'ombe, kama mama anavyoziba kihenge cha mtama. Yakakauka, magumu kama jiwe.

Nikampakia baba yake Kabula pale Nungwe, aone kitu kinachowazidi ng'ombe. Injini ikanguruma, mamba wakahama ziwa. Mara maji ya kijani yakatufika magotini. Tukajikokota hadi ufukweni, alikosimama Kabula. Mzee akainusa shuka yake.

“Masanja, ng'ombe wangu siwaoni. Umeniletea mavi yao tu. Kabula, twende nyumbani.”