Kabati la Keko

Juzi nilipita kwa mama, Temeke, nikakuta kuku anatagia ndani ya lile kabati la televisheni. Nikasonya. Kabati lile lilianza kuniudhi zamani sana.

Baba alilichongesha kwa maseremala wa Keko kabla televisheni yenyewe haijanunuliwa. Alikwenda dukani akapima kioo kwa macho, chogo cha nyuma akakisahau. Siku televisheni ilipoletwa, majirani wameshajaa mkekani, haikuingia.

"Si uiweke mezani tu, Baba Mwanaidi, watu waone," mama alisema.

"Sikuchongesha kabati la kuwekea vyombo," baba akajibu, akaagiza fundi aitwe.

Tukangoja, jua likageuka, ubwabwa ukapoa. Fundi akaja na msumeno, akatoboa mgongo wa kabati, vumbi la mninga likatuingia machoni. Chogo kikapita. Nikamuuliza fundi tundu lote lile la nini.

"Nayo inataka hewa, mwanangu," alinijibu, akikusanya vifaa vyake.

Walipoiwasha nilizunguka nyuma nikagusa. Palikuwa pa moto. Nikawaonea huruma wale watu waliokuwa wakizungumza mle ndani, nikaenda jikoni kuchukua kipepeo cha jiko la mkaa. Watu wazima waliniona, wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kunieleza. Mama akanisifu kwamba nina moyo mzuri, basi kesho yake nikarudi tena kulekule nyuma, na keshokutwa.

Wenzangu mtaa mzima waliangalia televisheni mwaka ule. Mie niliipepea.