Bei ya Ndani

Bi Mizani hakuwahi kutaja bei akiwa ameketi. Gari likiingia uwanjani, hata kama ndiyo kwanza amemimina chai, alisimama, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, kisha akalizunguka taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Alipitisha kidole juu ya boneti. Aliinama akachungulia nyuma ya magurudumu, maana huko ndiko tope hujificha. Akikuta matone ya lami, alibinua midomo. Ndipo aseme bei, na akishaisema imesemwa.

"Bei husemwa mikono ikiwa mikavu," aliwaambia wateja. "Nikishalowa halafu nikakuongezea, hiyo si biashara, ni kukuteka nyara."

Watu walimheshimu kwa hilo. Wengine walimwogopa, na yeye hakuona ubaya wa kuogopwa kidogo.

Uwanja ule wa kuoshea magari aliuacha kaka yake: sakafu ya saruji iliyolazwa mteremko ili maji yaende mferejini, tangi juu ya matofali, pampu yenye kelele kuliko nguvu, mashine ya kuvuta vumbi, na ukuta mrefu mweupe. Kaka alipofariki, vyote vilibaki mikononi mwa wanawake wawili, yaani yeye dada mtu, na mjane wa marehemu, aliyeitwa na kila mtu Mama Pacha ingawa pacha wenyewe walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Mawifi hawa waligawana kazi bila hata kikao. Bi Mizani alishika mpira wa maji na mambo yote ya nje: bodi, vioo, magurudumu, polishi. Mama Pacha, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mwenye mikono mirefu, aliingia ndani kwenye viti na mazulia. Na kwa kuwa Bi Mizani ndiye mkubwa, tena ndiye mwenye mdomo, bei zikawa zake.

Alikuwa ameziandika ukutani kwa rangi ya buluu, herufi zimenyooka kama askari, kwani mwalimu wake wa darasa la tatu hakuwa na mzaha na mwandiko. Nje tu. Nje na ndani. Polishi. Chini yake zilifuata nyongeza: tope zito, lami, utomvu wa mti, kinyesi cha ndege kilichokauka. Akipita mbele ya ukuta ule, alitembea wima zaidi.

Ijumaa moja alasiri likaingia gari la watoto wa shule, lile refu la viti vingi. Dereva wake alikuwa mtu mpole ambaye shati lake lilibaki na mikunjo ya pasi hata jioni.

"Dada, za kutwa? Nimekuletea kazi."

"Kila Ijumaa unaniletea kazi. Siku moja niletee na soda."

"Soda utapata nikipandishwa mshahara. Bei ni ile ile?"

Bi Mizani akalizunguka gari. Vumbi tu, la kawaida. "Ile ile. Nje na ndani."

Dereva akashukuru, akaenda zake dukani ng'ambo ya barabara. Mama Pacha akafungua mlango wa nyuma, na papo hapo akarudi kinyumenyume huku amefunika pua kwa kiwiko.

"Wifi! Njoo unuse."

Bi Mizani alifika na kunusa. Chini ya kiti cha mwisho maziwa yalikuwa yamemwagika, yakanywewa na zulia, yakapikwa na jua madirisha yamefungwa. Juu yake mtoto mmoja, masikini, alikuwa ametapika chakula chake chote cha mchana.

"Hili si la bei ile," Mama Pacha alisema.

"Neno limeshatoka, wifi. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yatazolewa. Na mzoaji ni mimi."

"Yule baba anahangaika, unamjua. Tumwonee huruma."

Mama Pacha alivaa glavu, akabeba ndoo, akaingia kwa magoti. Alimwaga ndoo, akajaza nyingine, akasugua, akavuta maji kwa mashine, akasugua tena. Mara mbili alitoka nje kuvuta pumzi, akarudi. Dereva alipokuja kulichukua gari, lilinukia sabuni, naye akampa Bi Mizani pesa kwa mikono miwili.

"Dada, una roho nzuri wewe."

"Ah, kawaida tu," akasema Bi Mizani, na sifa ile akaipokea yote, hakumgawia mtu.

Walipokuwa wanaanua vitambaa, Mama Pacha akasema bila kugeuka, "Kuna ofisi pale mjini wanatafuta mtu wa usafi. Wameniambia niende Jumatatu."

Bi Mizani alicheka. "Ofisi? Wewe na uongeaji wako wa peke yako? Watakufukuza kabla ya chai."

"Basi nitakunywa kwangu."

Hapo Bi Mizani akajua si utani. "Kisa maziwa, wifi? Maziwa ya siku moja?"

"Kisa ukuta." Mama Pacha akanyoosha kidole chenye ngozi iliyojikunja kwa maji. "Usome. Lami ina bei. Utomvu una bei. Hata kinyesi cha ndege kina bei, na ndege mwenyewe hajui. Manyoya ya mbwa yako wapi? Mchanga kwenye zulia? Chingamu? Matapishi? Uchafu unaoushika wewe una bei. Ninaoushika mimi una huruma."

Bi Mizani alikunja vitambaa vyake, wakaagana kama watu wasiojuana.

Jumamosi Mama Pacha hakuja. Likaingia gari dogo jeupe la mama mmoja fundi cherehani. Bi Mizani akalizunguka, akaona nje ni safi kabisa, akasema bei kwa sauti ya kujiamini. Kisha akafungua mlango. Viti vilikuwa vimeota manyoya ya mbwa kama mablanketi.

Neno lilikuwa limeshatoka. Basi akapiga magoti.

Mashine ilivuta manyoya ya juu tu. Yaliyobaki yalikuwa yamejisokota kwenye kitambaa, na ilibidi ayachomoe kwa vidole vilivyoloweshwa, fungu kwa fungu. Kichwa chake kiligonga usukani. Mgongo ukalia. Alipoingiza mkono chini ya kiti alikutana na pipi iliyoyeyuka, nayo ikamkamata kama mdai. Wateja wawili waliosubiri nje walikata tamaa wakaondoka. Jua lilipanda, likaanza kushuka, naye bado yumo humo, anahema, jasho linamdondokea kwenye zulia alilokwisha kulisafisha.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bi Mizani alikuwa ameitamka methali hiyo maisha yake yote, akiwatamkia wengine.

Fundi cherehani alilipa bei iliyosemwa. "Mbona leo umechelewa, mama?"

"Nilikuwa najifunza," akajibu.

Jumapili, baada ya kupaka chokaa nusu ya ukuta, alikwenda nyumbani kwa wifi yake akiwa amebeba kopo la rangi ya buluu na brashi. Mama Pacha alikuwa uani anachambua mchele. Alimtazama mgeni wake akiketi kwa kushika kiuno.

"Umeanguka?"

"Nimesafisha gari ndani."

Mama Pacha akainamia ungo ili tabasamu lake lisionekane. "La nani?"

"La mwenye mbwa."

"Yule mbwa mkubwa! Wifi, pole." Na hapo akacheka wazi, mpaka punje zikaruka. Bi Mizani alimwacha acheke. Alikuwa amestahili.

Halafu akaweka kopo kati yao. "Nusu ya ukuta nimeiacha tupu. Nimeandika NDANI juu yake, basi. Bei siijui. Njoo uiandike mwenyewe."

"Mwandiko wangu mbaya."

"Najua. Andika hivyo hivyo."

"Na nikisema bei, wewe utamhurumia mtu?"

"Nje nitahurumia ninavyotaka. Ndani sina mdomo."

"Wewe, huna mdomo!" Mama Pacha alipepeta mchele kwa muda mrefu kuliko mchele ulivyohitaji. "Ofisi wanasubiri kesho."

"Najua."

Jumatatu asubuhi Bi Mizani alifika uwanjani mapema, akawasha pampu, akajishughulisha na ndoo zisizo na kazi. Hakutazama barabara. Alisikia kifuniko cha kopo kikifunguliwa nyuma yake, ndipo akageuka. Mama Pacha alikuwa mbele ya ukuta, anaandika manyoya ya mbwa, herufi zimelala huku na huku kama walevi.

Ijumaa dereva wa watoto akaja na shati lake la pasi. Bi Mizani akalizunguka gari, akasema bei ya nje. "Ya ndani muulize mwenyewe."

Mama Pacha akafungua milango yote, akaingiza kichwa, akanusa, akainua zulia la nyuma. Mikono yake ilikuwa mikavu. Akasema bei.

"Mbona juu, dada?" Dereva alimgeukia Bi Mizani kwa macho ya kuomba.

"Kuna juisi humu, kaka," Mama Pacha akasema. "Ukitoa mazulia na kuyasugua wewe mwenyewe, nyongeza inaondoka. Brashi ile pale."

Dereva alitazama brashi, akatazama shati lake, akakunja mikono. Muda mfupi baadaye alikuwa amechuchumaa kwenye saruji, anasugua, na Mama Pacha amesimama juu yake. "Kwenye pembe, kaka. Hapo ndipo panaponuka."

Povu lilimrukia begani. Bi Mizani alifungua mdomo kusema jamani, mwacheni, inatosha. Wifi yake akamtupia jicho.

Akaufunga mdomo, akachukua mpira wa maji, akarudi kwenye magurudumu yake.